Maji ya Kigingi cha Nne

Jumatatu, tarehe kumi na saba Septemba mwaka 2074, saa tano na robo asubuhi, mashine ya kusaga ya Migungani ililipuka ikaua watu watatu. Mmoja wao ni mke wangu, Mbeleje. Naitaja saa kwa sababu Mamlaka wameandika saa sita kasoro kumi, na mimi nilikuwepo, wao hawakuwepo.

Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha ukuta wa zahanati, baiskeli nimeiegemeza, madebe matupu yananing'inia nyuma. Nikaona bati za paa la mashine zinanyanyuka, kama mtu anafunua sufuria achungulie. Halafu sauti ikaja. Halafu unga ukaunguza macho ya watu mpaka kule shuleni.

Nilimkuta mlangoni, amekaa, kitenge chake hakijaungua hata pindo. Ni kifua tu kilichokuwa kimenyamaza. Nikanyoosha mkono nimguse uso, na hata hapo, Mungu anisamehe, mkono ulisimama katikati kwa mazoea. Nilikuwa sijatoa.

Nyie msioishi chini ya Wavu hamtaelewa, kwa hiyo nieleze. Huku kwetu mtu hamgusi mwenzake hivi hivi. Kwanza anakwenda kwenye kigingi cha shaba kilichopigiliwa ardhini, anakishika kwa kiganja kitupu, anahesabu mpaka tatu, ndipo anampa mwenzake mkono. Ukikutana na mtu njiani haanzi na habari za asubuhi. Anakuuliza, "Umetoa?" Unamjibu, "Nimetoa," halafu ndio mbukwa, salamu zetu, zinafuata, na habari za nyumbani, na za ng'ombe kama bado unao. Mama hambebi mtoto wake mchanga kabla ya kutoa. Mkwe hapokelewi mzigo kabla ya kutoa. Mtoto wa Migungani anajua kutoa kabla hajajua kula mwenyewe.

Ndiyo maana mkono wangu ulisimama. Mke wangu amekufa, na mimi naangaza macho kutafuta kigingi.

*

Sisemi Wavu ni kitu kibaya. Wanaosema hivyo ni wale ambao hawakuuona mwaka wa vumbi jekundu. Mwaka ule mvua ilipokosekana mara ya tatu mfululizo, nyanda zote za huku juu ziligeuka unga, na upepo wa Agosti ukawa unaingia mapafuni mwa watoto kama saruji. Tulizika watoto kumi na tisa. Wawili walikuwa wangu. Akabaki binti yangu Nyemo peke yake, na mpaka leo akicheka sana anashika mbavu.

Kwa hiyo walipokuja watu wa Mamlaka ya Wavu na malori ya milingoti, tuliwachinjia mbuzi. Milingoti arobaini, nyaya zimetandazwa juu ya kijiji kizima kama kamba za kuanikia nguo. Mhandisi mmoja alitueleza kwa kipaza sauti kwamba vumbi likipita kwenye nyaya zile linapakwa chaji, na likishapakwa halina hiari tena, linavutwa mpaka kwenye mabamba ya chuma pembezoni mwa kijiji, linanasa pale. Na ni kweli. Jioni tulikuwa tunakwenda kukwangua mabamba kwa majembe. Watoto wakaacha kufa.

Ambalo hakulisema kwa kipaza sauti ni kwamba mtu naye, ukimsimamisha chini ya nyaya zile siku nzima kwenye ardhi kavu, anapakwa vilevile. Nywele zinasimama. Kanga inang'ang'ania mapaja. Ukimpa mtu mkono mnapigana cheche mpaka mnarukiana. Marehemu Stefano, mwenye kuendesha mashine, alikuwa na kipara, akawa anajitapa kwamba ni yeye tu kijijini ambaye Wavu haujui pa kumshikia. Wanawake wakamwambia Wavu hauhangaiki na vitu visivyo na faida.

Basi vikaja vigingi sita, na nikaja mimi.

Kazi yangu iliitwa unyweshaji. Mimi ni mtu wa darasa la nne, sikupewa kazi ya kufikiri. Kila asubuhi nachota maji kwenye tangi la Mamlaka, naweka chumvi konzi moja, namwaga kwenye shimo la kila kigingi, madebe mawili mawili. Kigingi kikiwa kwenye ardhi yenye unyevu na chumvi, chaji yako inapita inakwenda zake chini. Ukikishika kinakuuma kidogo kama siafu mmoja, ndio imetoka hiyo. Ardhi ikikauka, kigingi ni kipande cha chuma tu kilichosimama.

Miaka kumi na mmoja nilinywesha, na sikuruka siku hata moja, hata siku ya harusi ya Nyemo.

Mwezi wa saba ikaja barua yenye muhuri. Maji ya vigingi yamepunguzwa kutoka madebe kumi na mawili mpaka sita, kwa sababu ya ukame. Nikaenda ofisini kwao mjini kuuliza: debe moja kila kigingi, au madebe mawili kwa vigingi vitatu? Afisa, Bwana Kasyupa, kijana msafi mwenye viatu visivyojua vumbi, hakunitazama. Alisema, "Tumia busara, mzee wangu." Nikamwomba aandike. Akacheka, akasema busara haiandikwi.

Nikaitumia. Zahanati kuna mitungi ya hewa ya wagonjwa, cheche pale ni balaa, kwa hiyo kigingi cha zahanati nilikipa mawili. Shule kuna watoto, mawili. Yakabaki mawili kwa vigingi vinne. Cha kisimani, cha kanisani, cha ofisi ya kijiji na kile cha nne kwenye hesabu yangu, cha mashineni. Cha kisimani, penye watu wengi, nikakipa debe moja kila siku; lile la mwisho nikawa nalizungusha kwa vitatu. Leo hiki, kesho kile.

Jumatatu ile ilikuwa zamu ya mashineni. Nayo ilikuwa siku ya tatu tangu kigingi kile kionje maji.

Asubuhi Mbeleje aliniona nafunga madebe, akaja akasimama mbele ya baiskeli. Alisema Ndahani, yule binti aliyeolewa kwa akina Lubeleje, amejifungua Ijumaa na maziwa hayatoki, na kwao ndoo ya juzi imekwisha. Kisima cha kijiji kilikuwa kinatoa tope wiki ya pili. Nilimwambia maji haya si yetu. Akasema anajua.

"Kigingi hakina kiu, Baba Nyemo," alisema. "Wewe ndiye unayesema kina kiu."

Nikamwambia kesho. Akanitazama tu. Tumekaa wote miaka thelathini na minne, najua mtazamo ule. Nikafungua debe la mashineni, chumvi nilikuwa bado sijaweka, nikalishusha. Akalitwika mwenyewe akalipeleka. Aliporudi akachukua ungo wake akaenda mashineni kupepeta, kama kila Jumatatu.

Saa tano, mama mkwe wa Ndahani, Bibi Sechelela, akaenda mashineni na beseni la uwele, akamsagie mzazi unga wa uji. Uji aupike kwa maji yale.

*

Siku ya tatu ya matanga alikuja Mwalimu Kihwele. Ni mama wa Iringa, anafundisha fizikia sekondari ya kata, mtu mpole mwenye sauti kubwa. Alitoa kwanza kwenye kigingi cha kisimani, akanipa pole, akakaa kwenye mkeka na wanawake akala nao mlenda. Halafu akaniomba tutembee mpaka mashineni.

Alikuwa na kipimo mfukoni, cha shule, chenye nyaya mbili. Akachomeka waya mmoja kwenye kigingi, mwingine mbali, akatazama, akapigapiga kipimo kwenye paja, akatazama tena. Nikamuuliza kinasemaje. Akasema kinasema kigingi hiki na ardhi havijuani.

Nilimwambia sielewi, kwa sababu Bibi Sechelela alitoa. Watu watano walimwona. Alikishika kigingi, akahesabu mpaka tatu kwa sauti kama anavyofanya siku zote, akageuka akawaambia wenzake, "Leo hakijaniuma, naona nimeamka msafi," wakacheka. Ndipo akaingia.

Mwalimu akakaa juu ya tofali. Akatoa kitana cha plastiki kwenye nywele zake, akakisugua kwenye sketi, akakileta karibu na makapi ya uwele yaliyokuwa pale chini. Makapi yakaruka yakanata.

"Sijayagusa, umeona?" alisema. "Kitana kina chaji, na chaji inatawala nafasi inayoizunguka. Wanafunzi wangu nawafundisha kuiita uga wa umeme. Kitu chochote ukikiingiza ndani ya uga, kinasukumwa au kinavutwa. Hapa kijijini uga ni huu wote, kuanzia kwenye nyaya mpaka kwenye unyayo wako. Mnaishi ndani yake."

Akakinyooshea kigingi kidole. Akasema chaji haitembei bila sababu, inatembea kutoka palipojaa kwenda palipopungua, kama maji ya mfereji. Kigingi chenye unyevu kimeungana na dunia nzima, na dunia haijai. Kigingi kikavu kinasimama peke yake ndani ya uga, kinapakwa chaji kama mtu anavyopakwa. Bibi Sechelela amejaa, kigingi kimejaa. Kitoke nini kiende wapi? Ndiyo maana hakikumuuma. Hakuwa msafi. Walikuwa wamelingana.

Nikakumbuka watu walivyokuwa wakiniambia tangu mwezi wa nane. Mzee Chisomi, vigingi vyako siku hizi vimekuwa vipole. Nami nilikuwa nacheka nao.

"Sasa mashine yenyewe," mwalimu akaendelea, "ina waya wake wa ardhini, mrefu, umeshuka mpaka kwenye mwamba. Mashine haina chaji. Yule mama akaingia amejaa, hewa imejaa unga laini unaoelea, akanyoosha beseni la bati kwenye domo la mashine." Hapo cheche ikaruka. Unga unaoelea unashika moto kuliko petroli, alisema baadaye, tukiwa tunarudi. Hata wa uwele.

Nikamweleza habari za debe la Jumatatu, kisha nikamuuliza swali moja. Kama asubuhi ile ningemwaga lile debe, Mbeleje angekufa?

 Akasema ardhi iliyokauka siku tatu kwa jua hili, debe moja, muda wa saa nne tu kabla. Huenda. Huenda isingetosha. Hawezi kusema.

Nilimchukia kidogo kwa kuwa mkweli.

*

Bwana Kasyupa alikuja Alhamisi, mchana, na gari na karatasi. Viatu alivivua mlangoni, hilo nimsifu. Alisema Mamlaka inatoa pole, na kwamba Jumamosi litakaa baraza la uchunguzi uwanjani, mbele ya kijiji, na mimi ndiye shahidi mkubwa. Halafu akaisoma ile karatasi kwa sababu alidhani sijui kusoma.

Ilisema mimi, Yeremia Chisomi, nilinywesha vigingi vyote sita kila siku bila kukosa. Na kwamba marehemu Sechelela Lubeleje aliingia mashineni bila kutoa.

Nikamwambia watu watano walimwona akitoa.

Akasema watu watano wa kijijini, mzee wangu, na mmoja ni mlevi. Akanieleza kwa upole, kama anamlisha mgonjwa. Sheria ya Wavu ina kifungu kimoja kigumu. Ikithibitika vigingi havikupata maji kwa amri ya Mamlaka, Wavu wa Migungani unazimwa palepale, mpaka vigingi vipya vya kina kirefu viletwe. Vigingi hivyo havipo nchini. Labda miezi minane. Akatazama nje, upande wa mashariki, ambako anga lilikuwa limeanza kupata ile rangi ya tofali bichi. Hakuhitaji kuniambia Oktoba huku ni mwezi wa nini.

Nikitia sahihi, Mbeleje ataandikwa amekufa kwa ajali, nami nitaendelea na kazi yangu. Bibi Sechelela amekwisha kufa, alisema, haimdhuru kitu.

Alipoondoka, Nyemo akatoka chumbani na mtoto wake mgongoni. Mtoto ana miezi saba, kifua chake kinapiga filimbi tangu azaliwe. Alikuwa amesikia yote. Akaniambia nitie sahihi.

Nikamwambia Bibi Sechelela ana watoto, ana wajukuu, wataitwa uzao wa yule aliyeua watu kwa uzembe. Huku kwetu kutotoa ni kama kumtemea mtu mate. Ndahani ataishi vipi kwenye nyumba ile, na yule mtoto aliyezaliwa siku tatu kabla ya msiba? Na mama yako ndiye aliyepeleka maji pale.

"Najua nani alipeleka maji," alisema. "Baba, wafu hawakohoi."

Akamshusha mtoto, akaniwekea mapajani, akaenda kupika. Nikakaa naye jioni nzima, sikio kifuani mwake. Filimbi ile unaisikia hata usipotaka. Niliwasikiliza hivyo wanangu wawili, mmoja siku sita, mwingine siku mbili.

Nilimtukana Kasyupa kimoyomoyo, nikawatukana waliomtuma, na yule aliyekata madebe kwa kalamu akiwa kwenye chumba chenye bomba ukutani. Wao walikata maji, busara wakaniachia mimi, na sasa nimchague wa kumuua: jina la mama wa watu au mapafu ya mjukuu wangu. Karatasi nikaikunja nikaiweka ndani ya Biblia ya Mbeleje, kalamu nikaiweka juu.

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mmoja kutoka mjini mwenye miwani, na pembeni yake Kasyupa na mafaili. Watu wa ukoo wa Lubeleje walikaa pamoja upande wa kushoto, na hakuna aliyekaa karibu nao. Maneno yalikuwa yameshatangulia. Ndahani alikuwa katikati yao, kitoto amekifunika kanga, anatazama chini.

Niliitwa. Nikatoa kwenye kigingi cha ofisi ya kijiji, pembeni mwa uwanja, hakikuniuma. Mwenyekiti akaniuliza kama ile karatasi ni maelezo yangu.

Nilikuwa nimeshaitia sahihi. Asubuhi ile, kabla jua halijatoka vizuri, nilitia. Lakini nilipokuwa nasimama pale nikaona mwanamke mmoja anapita mbele ya Ndahani akijiepusha asimguse, anakusanya kanga yake kama anapishana na mbwa mwenye upele, na mwanamke yule aliwahi kuwa rafiki wa Mbeleje. Nikajikuta nasema hapana, si maelezo yangu. Nikasema Bibi Sechelela alitoa. Nikaeleza kigingi kikavu na mtu aliyejaa wanavyolingana, kwa maneno ya mwalimu, kadiri nilivyoweza. Nikaeleza barua ya mwezi wa saba, madebe sita, na busara isiyoandikwa.  Nyemo alikuwa amesimama nyuma na mtoto. Sikumtazama.

Mwenyekiti aliandika sana. Kisha Kasyupa akaomba aulize swali moja. Akainuka, hakuwa na hasira hata kidogo.

Akaniuliza Jumatatu ilikuwa zamu ya kigingi kipi. Nikasema cha mashineni. Akauliza kama asubuhi ile nilichota debe la mashineni kwenye tangi la Mamlaka. Nikasema nilichota. Akauliza lilikwenda wapi.

Ningeweza kusema lilimwagika. Baiskeli huanguka. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema ukweli nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa imekaa pale mbele yangu inanyonya.

Nikasema mke wangu aliniomba, nikampa, akampelekea mzazi.

Ndahani akainua uso. Ndio kwanza alikuwa anajua maji yale yalitoka wapi.

Kasyupa akashukuru akakaa. Baraza likaenda nyuma ya shule, likarudi kabla kivuli hakijahama. Mwenyekiti akasoma. Marehemu Sechelela hana kosa, alitoa kama inavyopasa. Mamlaka nayo haina kosa, kwa kuwa maji ya kigingi cha nne siku ile yalitolewa kwenye tangi lake kikamilifu. Kosa ni la mnyweshaji aliyeyapeleka kusikohusika. Wavu hautazimwa. Mnyweshaji ameondolewa kazini, na kama atashtakiwa itaamuliwa mjini.

Watu wakapumua. Niliwasikia, uwanja mzima, pumzi moja, na mimi mwenyewe nilipumua nao. Watu wa ukoo wa Lubeleje wakaanza kushikwa mikono. Nyemo akaketi chini palepale alipokuwa amesimama, akampakata mtoto, analia au anacheka, kwa mbali sikuweza kujua.

Nikauliza kama madebe yatarudi kumi na mawili. Mwenyekiti akamtazama Kasyupa. Kasyupa akasema ukame bado ni uleule, mgawo ni sita.

Upande wa mashariki wekundu ulikuwa umeshapanda mpaka usawa wa milingoti, na nyaya zilianza kuimba kama zinavyoimba vumbi likikaribia. Nywele za watu wote uwanjani zikaanza kusimama. Kasyupa akafungua faili lingine, akatoa fomu mpya, akaitandaza mezani akaikandamiza kwa kiganja isipeperuke.

Akasema kazi haiwezi kulala, vigingi vinahitaji mtu tangu kesho asubuhi. Kijana au mzee, mke au mume, darasa lolote. Akaangaza uwanja mzima, mstari kwa mstari, na kila alipoangalia watu walijitazama miguu. 

"Nani atanywesha?" aliuliza.